Kina Mama Walipotoka, Sinema Zikabaki Viti

Ukikaa kwenye baraza za Mji wa Kale jioni, watu wakisha kutoka magharibi na isha bado, hukosi kuwasikia watu wazima wakiyataja majumba ya sinema ya Mombasa kama wanaotaja jamaa waliotangulia. Regal. Naaz. Majestic. Lotus. Kenya. Kila jina lina kisa chake: nani alitoroka chuoni akaenda kuangalia picha na nani alimngoja nyumbani na bakora, nani alipeleka posa baada ya kumwona binti wa watu akishuka ngazi za balkoni. Kijana aliyekaa kando yao haelewi wanacholilia. Kwake yeye picha ni kitu cha mfukoni, kimo ndani ya simu, na sinema ni mahali pa mara moja kwa mwaka, huko ng'ambo ya daraja la Nyali, penye baridi ya mashine na bei ya kumfanya mtu ajipapase mara mbili.

Mbona watu hawaendi tena sinema? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba televisheni iliiua, video ikaizika, na simu ikapanda nyasi juu ya kaburi. Ni jibu tamu, lakini mimi halinitoshi.

Televisheni Kenya tumekuwa nayo tangu 1962, na mwaka 1970 ikafunguliwa stesheni yake hapa Mombasa. Hata hivyo miaka ile ya sabini watu walikuwa wakipanga foleni juani, na walanguzi wakiuza tikiti kwa bei maradufu, kwa ajili ya picha kama Sholay, iliyotoka Bombay 1975 na yenye urefu wa zaidi ya saa tatu. Ndugu zetu wa Tanzania Bara nao hawakuwa na stesheni ya televisheni hata moja mpaka 1994, na majumba yao yalikuwa yamekwisha kuanza kukauka kabla ya hapo. Basi televisheni peke yake tumeitwika mzigo usio wake.

Tazama Uingereza pia. Mwaka 1946, vita vikisha kwisha, Waingereza walikata tikiti za sinema zipatazo milioni 1,635 kwa mwaka mmoja. Kufika 1984, zikiwako televisheni na video katika kila mtaa, tikiti zilikuwa zimeteremka mpaka milioni 54. Mtu yeyote angesema shughuli imekwisha, tusome fatiha. Lakini mwaka uliofuata, 1985, katika mji wa Milton Keynes likafunguliwa jumba moja lenye skrini kumi, safi, lenye maegesho ya magari, na mengine yakafuata. Mwaka 2018 tikiti zilifika milioni 177. Si milioni 1,635, lakini si maiti huyo. Video haikuondoka, televisheni haikuondoka, bali mtu aliyekuwa amekaa nyumbani alitengenezewa sababu ya kutoka.

Sisi hapa pwani hatukumtengenezea. Na maoni yangu, ambayo najua wengine watayapinga, ni kwamba sinema zetu zilianza kufa siku kina mama walipoacha kwenda.

ZANANA

Wasichana wa leo wengi hawalijui neno hili. Zanana ni neno lililotujia kwa Wahindi, nao walilitoa kwa Waajemi, na maana yake ni mambo ya wanawake. Katika sinema lilikuwa onyesho la mchana la wanawake watupu. Unguja lilikuwako, Mombasa lilikuwako. Hakuna mwanamume aliyeingia ila mtoto mdogo wa kushikwa mkono, nami nilikuwa mmoja wa watoto hao.

Nakumbuka matayarisho yake kuliko picha zenyewe. Tangu asubuhi nyumba ilikuwa haikaliki. Chakula kilipikwa mapema, maji ya kuoga yakatekwa, asmini zikatungwa. Mamangu na shangazi zangu walikuwa na pesa zao wenyewe, za mahamri na za kushona kofia, walizozifunga kwenye pindo la leso wiki nzima kwa ajili ya siku ile. Wakishatoka, njia nzima ilikuwa mabuibui meusi yakiteremka kwa makundi, na wanaume waliokuwa barazani walijitia kuangalia kwingine. Ndani ya ukumbi sasa! Buibui zilishushwa mabegani, harufu ya udi na mafuta ya nazi ikajaa, watoto wakalia, mabuyu yakapitishwa safu kwa safu. Wanawake waliokuwa wamenuniana tangu harusi ya mwaka uliopita walikutana hapo wakasameheana, au wakazidisha. Ilipokuja Mother India, ile ya 1957, na Nargis akaanza kuvuta jembe kama ng'ombe kwa ajili ya wanawe, kilio kilichokuwamo ukumbini kilikuwa kama cha matanga. Hakuna aliyejua Kihindi. Hakuna aliyekihitaji.

Msomaji asidhani haya ni mambo madogo. Mwanamke wa mjini wakati ule hakutoka bila sababu. Alitoka kwenda harusini, matangani, maulidini na kuzuru wagonjwa. Zanana ilikuwa sababu ya tano, yenye heshima yake, na mume aliyemnyima mkewe ruhusa alisemwa mtaa mzima. Na mama aliyeipenda sinema ndiye aliyewapeleka watoto siku ya Idi. Ndiye aliyemshawishi baba Jumamosi usiku wakaenda wote, wakakaa balkoni kama watu. Ndiye aliyerudi nyumbani akisimulia picha kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa jirani aliyekosa nafasi, na jirani akaenda wiki iliyofuata. Hakuna bango lililotangaza picha kushinda midomo ya kina mama.

Na ngoma zetu pia zilikunywa katika kisima hicho. Marehemu Mohamed Juma Bhalo, aliyefariki 2014, aliipa taarabu ya Mombasa ladha yake kwa kuyachukua mahadhi ya Kihindi na kuyavisha mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani iliyokamilika. Maulidi Juma naye alipita njia hiyo hiyo. Sauti iliyoimba kwenye skrini mwezi huu, ukienda harusini mwezi ujao waisikia imekuja na maneno mengine, na kina mama washaijua, wanaitikia kabla mwimbaji hajafika katikati. Walijuaje? Walikuwa zanana.

MASHINE KUTOKA ARABUNI

Mashine ya video ya VHS ilitoka Japani mwaka 1976. Huku kwetu haikupitia dukani kwanza; ilipitia kwa watu wetu. Baada ya bei ya mafuta kupanda 1973, vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu walikwenda kutafuta Jeddah, Muscat, Dubai na Abu Dhabi. Waliporudi likizo walirudi na vitambaa, redio kubwa kubwa, na katika miaka ya themanini wakarudi na mashine ile na sanduku la kanda. Nyumba iliyokuwa na video ilijulikana kwa wingi wa viatu mlangoni.

Hebu fikiri mwanamke apewe hiari. Huku kuna sinema, yabidi avae, apate ruhusa, alipe tikiti, aende na arudi. Huku kuna ukumbi wa nyumba ya dada yake, milango miwili tu kutoka kwake, chai ya tangawizi iko tele, mtoto akilala alazwe hapo hapo, na picha ikisimama kwa ajili ya swala huendelea pale pale ilipoachwa. Sinema gani itashindana na hayo? Mtafiti mmoja kutoka Skandinavia, Minou Fuglesang, alikaa Lamu na wasichana wa huko katika miaka ya themanini, na kitabu chake, Veils and Videos, kilichotoka 1994, kinaonyesha jinsi picha za Kihindi zilivyoingia majumbani mwao na kuwa sehemu ya mazungumzo yao ya mapenzi, mavazi na ndoa. Mwenye kukisoma ataona kwamba hamu ya picha haikupungua hata chembe. Iliyopungua ni safari ya kwenda kuitazama.

Kanda zenyewe, mgala muue na haki umpe, zilikuwa mbovu. Nyingi zilinakiliwa kutoka nakala ya nakala, Amitabh Bachchan akaonekana kama anayepigana ndani ya mvua. Lakini nani aliyejali? Kanda moja ilikodishwa kwa bei isiyofika tikiti mbili, na watu ishirini wakaangalia.

Basi zanana zikapungua watu, kisha zikaondolewa. Na hapo ndipo wenye majumba walipokosea hesabu. Walidhani wamepoteza onyesho moja la mchana. Kumbe walipoteza watoto wa Idi, walipoteza familia za Jumamosi, walipoteza midomo ile iliyokuwa ikitangaza picha bure. Waliobaki ni vijana wanaume, na kwa vijana wanaume ukaletwa mchezo wa karate. Enter the Dragon ya Bruce Lee, iliyotoka 1973, ilikuwa nzuri kwa aina yake. Zilizofuata nyuma yake zilikuwa mateke tu. Baadaye katika kumbi nyingine, ambazo sitazitaja, zikaja picha ambazo mtu hawezi kuzisema mbele ya mkwewe. Nilipoingia ukumbi mmoja mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuta viti vimepasuliwa kwa wembe, feni mbili kati ya sita zinazunguka, moshi wa bangi unaelea ndani ya mwanga wa projekta, na kila stelingi alipomkaribia mwanamke, miluzi. Mwanamume mwenye akili zake hawezi kumleta mkewe pahali kama hapo. Na mahali ambapo mwanamume hawezi kumleta mkewe, baada ya muda naye mwenyewe huona haya kuonekana akitoka.

Yako na mambo ya pesa, na hayo nitayapitia mbio. Waliojenga na kuendesha majumba haya wengi walikuwa watu wenye asili ya Kihindi, na wao na jamaa zao ndio waliokuwa wateja wakubwa wa balkoni. Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1967, na wasiwasi wa mwanzo wa 1968 Uingereza ilipokuwa ikiwafungia mlango wenye pasi zake, maelfu waliondoka Kenya. Halafu fikiria filamu yenyewe: mkanda wa kawaida wa sinema hupita kwenye projekta futi 90 kila dakika, kwa hiyo picha ya Kihindi ya saa tatu ni mkanda wa futi zaidi ya 16,000, karibu kilomita tano, unaosafirishwa ndani ya mikebe ya chuma na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Shilingi ilipodhoofu, kila mkebe ukawa mzito zaidi. Kiwanja cha katikati ya mji nacho kikapanda bei, na mwenye jumba akaona akikata maduka ndani yake atapata kodi kila mwezi bila kusubiri watu.

KUZIFUNGA NI KHERI?

Wako wanaosema kwamba sinema kufungwa ni kheri, na tangu mwanzo masheikh wetu wengi hawakuzipenda. Walilaumu maghrib zilizopotea, mchanganyiko wa wanaume na wanawake, na mambo yanayoonyeshwa ambayo hayasemeki. Hukumu ya jambo hili si kazi yangu, ina wenyewe. Mimi nataka kusema jambo moja tu la dunia: picha haikuondoka. Iliyoondoka ni kadamnasi.

Katika ukumbi wa zamani filamu ilikuwa imepita kwa wakaguzi wa Serikali chini ya sheria ya 1962. Mlangoni palikuwa na mzee anayekujua, na akikuona mdogo alikurudisha. Ndani, nyuma yako, hukosi rafiki wa babako. Taa ziliwashwa wakati wa mapumziko, na ukiwa umekaa na usiyestahili kukaa naye, habari ilifika nyumbani kabla yako. Sasa mtoto wa miaka kumi yumo kitandani, shuka juu ya kichwa, na simu. Hana mkaguzi, hana mzee wa mlangoni, hana taa zinazowashwa katikati. Aliyefurahi sinema ilipogeuzwa duka na ajiulize picha zilihamia wapi.

Hata Saudia, walikokaa wengi wa waliotuletea mashine zile, majumba ya sinema hayakuwako tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini kwa zaidi ya miaka 35, na muda wote huo nyumba za watu zilijaa kanda, kisha madishi ya satelaiti. Aprili 2018 sinema ilifunguliwa tena Riyadh. Mtu ana hiari ya kulipenda jambo hilo au kulichukia, lakini halitupi nafasi ya kusema kwamba ukumbi ukifungwa macho nayo hufunga. Mwenye macho haambiwi tazama.

Watu wa siku hizi hawakosi hamu ya kuangalia kwa pamoja. Usiku wa mpira wa ligi ya Uingereza pita mtaa wowote, Majengo, Kisauni au Likoni, utakuta kibanda kimefurika mpaka dirishani na kila mmoja amelipa. Katika vibanda vya video nchini, DJ Afro amepata jina kubwa kwa kuzisimulia picha za Marekani na China kwa Kiswahili cha mtaani, akimtungia stelingi maneno ambayo hakuyasema. Kiswahili chenyewe wenye lugha watakunja uso, lakini mtu huyu amefanya lile ambalo majumba yetu makubwa hayakulifanya hata siku moja katika maisha yao: amezungumza na mtazamaji kwa lugha yake. Ila vibanda hivi vyote viwili ni vya wanaume. Mwanamke hana kibanda.

Hata ile sinema ya Nyali ni nzuri, siisemi vibaya. Viti laini, picha kali, sauti inatikisa kifua. Lakini baba mwenye watoto wanne akilipa tikiti sita, bisi, soda, na nauli ya tuktuk kwenda na kurudi, mchana mmoja huo umekula pesa ya chakula cha siku kadhaa. Tangu Netflix kuingia Kenya mwanzoni mwa 2016, hesabu yake ni rahisi zaidi. Na Korona ilipofunga mikusanyiko mwezi Machi 2020, hata wale wachache waliokuwa na mazoea walijifunza kukaa nyumbani.

Linaloniuma zaidi ni kwamba sasa ndipo picha zetu wenyewe zimeanza kuja. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, ambayo wengi wetu tunaijua, imetengenezwa filamu na Amil Shivji, na mwaka 2021 ikaonyeshwa katika tamasha kubwa la Toronto. Ni Unguja ya miaka ya hamsini, vichochoro vyetu, leso zetu, Kiswahili chetu. Watu wa Kanada waliiona juu ya skrini pana, ukumbini, wamekaa bega kwa bega. Wengi wetu tutaiona, kama tutaiona, kwenye kioo cha simu kilichopasuka pembeni.

Wenzetu wa Unguja angalau wanajaribu. Mji ule ulikuwa na jumba la sinema la kujengwa hasa tangu 1921, Royal, ambalo baadaye liliitwa Majestic, likaungua katika miaka ya hamsini na kujengwa upya. Watu wa uhifadhi wa Mji Mkongwe wamekuwa wakipigania jengo hilo lirudishiwe kazi yake. Na tangu 1998 tamasha la filamu la nchi za jahazi limekuwa likiwakusanya watu ndani ya Ngome Kongwe, chini ya nyota, na kina mama huenda na watoto wao na mikeka. Nimeketi pale. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa akimfasiria mamake kila kilichosemwa, kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.

Sisi tuna Fort Jesus, ina ua. Tuna kumbi za shule ambazo Jumapili mchana zimefungwa kwa kufuli. Tuna mashine za kuonyeshea ambazo siku hizi hubebwa kwa mkono mmoja, si mikebe ya kilomita tano. Mimi ningependa mtu mmoja, mwenye ukumbi au mwenye nia, ajaribu Jumapili moja kwa mwezi, baada ya adhuhuri na kwisha kabla ya alasiri kutoka: picha ya Kiswahili au ya Kihindi ya zamani, wanawake watupu, mwanamke mlangoni akikata tikiti, tikiti kwa bei ya sahani ya viazi vya karai, na feni zinazozunguka zote sita. Vitangazo havitahitajika. Aambiwe mama mmoja tu wa Kibokoni siku tatu kabla. Mimi nitawaleta mke wangu na binti zangu mpaka kizingitini, na saa tisa unusu nitakuja kuwachukua.